SIMU KUPITIA WI-FI: SAUTI NI YETU, SWICHI NI YA NANI?



Wengi wetu tunaofanya kazi katika mashamba ya chai na miwa hapa Uganda tunaijua shida hii. Simu unayo, salio unalo, lakini mtandao haushiki. Kambi imejengwa bondeni, na mnara uko ng'ambo ya kilima. Ndani ya kiwanda hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mabati ya paa na kuta, pamoja na mashine za chuma, huzuia mawimbi yanayotoka mnarani. Katika matawi tunayoyatembelea tumewaona wafanyakazi wa zamu ya usiku wakipanda kilimani gizani ili kupiga simu moja tu. Mtu akibanwa mkono na mashine, au mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, dakika za kukimbilia kilimani ni dakika za uhai wa mtu.

Lakini katika ofisi ya meneja, chini ya paa lile lile la mabati, simu inaweza kulia. Sababu yake ni kwamba ofisini kuna Wi-Fi, na siku hizi simu nyingi zinaweza kutumia Wi-Fi badala ya mnara. Inafaa kila mfanyakazi aelewe jambo hili, maana lisilojulikana halidaiwi.

Jinsi inavyofanya kazi

Hatusemi juu ya WhatsApp. Katika WhatsApp lazima wewe na unayempigia nyote muwe na intaneti na programu ile ile. Njia tunayoieleza ni simu ya kawaida, kwa laini yako na namba yako ya siku zote. Simu inaposhika Wi-Fi, hupita katika intaneti mpaka kwenye mitambo ya kampuni ya laini yako. Mitambo huitambua laini, kisha huunganisha maongezi kama vile yametoka mnarani. Unayempigia hahitaji intaneti. Anaweza kuwa mama yako kijijini mwenye simu ndogo ya vitufe. Ujumbe mfupi nao hupita njia hiyo hiyo.

Ili jambo hili liwezekane, kampuni ya laini yako iwe inatoa huduma hiyo, simu yako iwe na uwezo huo, na uwe umeifungua katika mipangilio ya simu. Maongezi hayali intaneti nyingi. Dakika moja hula kiasi cha megabaiti moja hivi. Mwajiri akisema kwamba simu za wafanyakazi zitamaliza intaneti yake yote, mwonyesheni hesabu hiyo.

Jambo hili si geni. Mwaka 2005 njia hii iliingizwa katika viwango vya kimataifa vya simu za mkononi. Mwaka 2007 kampuni ya T-Mobile ya Marekani ilianza kuiuza kwa wateja wenye simu maalumu. Mwaka 2014 iliingia katika simu za iPhone, na mwaka 2015 kampuni ya EE ya Uingereza ikawafungulia wateja wake. Huko nako shida ilikuwa nyumba zenye kuta nene na vyumba vya chini ya ardhi.

Tutazame pia nani anafaidi. Mwenye nyumba ndiye anayelipia intaneti. Kampuni ya simu inaokoa gharama ya kufikisha mawimbi ndani ya nyumba hiyo, na mara nyingi bado inatoza dakika za maongezi kama kawaida. Kwa hiyo Wi-Fi isifanywe kisingizio cha kutotujengea mnara. Tume ya Mawasiliano ya Uganda ina mfuko wa kupeleka huduma vijijini, na kambi zetu ni vijiji vyenye watu wengi.

Je, bwana mkubwa anasikia?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote. Mfanyakazi anasema, "Nikimpigia katibu wa tawi kwa Wi-Fi ya kiwanda, meneja hatanisikia?" Jibu ni kwamba hawezi kukusikia kwa kuwa tu Wi-Fi ni yake. Kabla ya sauti kuondoka katika simu yako hufungwa kwa maandishi ya siri, na hufunguliwa na kampuni ya laini yako tu. Ruta ya kiwanda hupitisha kifurushi kilichofungwa. Fundi wake anaweza kuona kwamba simu fulani imeunganishwa na kampuni fulani ya laini, lakini hawezi kujua unasema nini.

Siri hiyo huishia kwenye kampuni ya laini, kama ilivyo kwa simu ya mnarani. Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 kuhusu kuingilia mawasiliano inaruhusu vyombo vya serikali kusikiliza kwa kibali cha jaji. Meneja wa shamba hana kibali hicho.

Kile alicho nacho mwajiri ni swichi. Anaweza kubadili neno la siri, kuzima ruta saa za zamu ya usiku, au kuzuia simu za namna hii zisipite huku intaneti ya ofisi ikiendelea. Umeme ukikatika na ruta haina betri, njia hiyo imekufa. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Basi njia ya kuokoa maisha yetu haiwezi kukaa juu ya hisani ya mtu mmoja. Lazima iwe haki iliyoandikwa.

Tahadhari ya dharura

Unapopiga simu kupitia mnara, kampuni inajua angalau uko karibu na mnara gani. Kupitia Wi-Fi huenda isijue uko wapi. Ndiyo maana Marekani wateja hutakiwa kuandikisha anwani yao ya dharura kabla ya kuitumia huduma hii. Kwa hiyo ukipiga 999 au 112, anza kwa kutaja mahali: wilaya, jina la shamba, namba ya kambi na lango la kuingilia. Kumbuka pia kwamba ukitoka nje ya eneo la Wi-Fi pasipo na mnara, simu itakatika. Simama hapo hapo mpaka umalize.

Mabaharia wametangulia

Wenzetu wa baharini wako mbali na minara kuliko sisi. Vyama vyao vilidai mawasiliano kama haki ya mfanyakazi. Mwaka 2022 Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulio chini ya Shirika la Kazi Duniani, ulirekebishwa. Marekebisho hayo yalianza kutumika Desemba 2024. Yanawataka wenye meli, kadiri inavyowezekana, wawape mabaharia mawasiliano melini, na malipo yakiwapo yawe ya kiasi. Ikiwa meli katikati ya bahari inaweza kuwekewa sharti hilo, kiwanda kilicho karibu na barabara kuu kitakataa kwa sababu gani?

Tudai nini?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama wetu kazini. Tunawashauri viongozi wa matawi wapeleke mambo haya katika majadiliano ya mkataba wa hali bora:

Kwanza, Wi-Fi iwepo kiwandani, zahanati na kambini, na isizimwe usiku.

Pili, ruta ziwe na betri ya akiba.

Tatu, simu za laini zisizuiwe kupita, na mtu asiadhibiwe kwa kuwasiliana na chama chake.

Nne, kila zamu iwe na simu moja ya dharura yenye uwezo huu, kwa ajili ya wenzetu wenye simu za vitufe.

Tano, mwajiri na chama waombe pamoja mnara ujengwe.

Kabla ya kikao, kila tawi lifanye kazi moja. Zungukeni kiwandani na kambini mkiwa na simu, mwandike mahali ambapo mtandao haushiki, kisha mpeleke orodha hiyo mezani. Mwajiri anaweza kubishana na malalamiko, lakini itamwia vigumu kubishana na orodha ambayo yeye mwenyewe anaweza kwenda kuihakikisha.