Kitu na Kipimo Chake

Katika kazi za Chama tunakutana kila siku na tarakimu: idadi ya wanachama, magunia ya mavuno, ekari zilizolimwa, watoto walioandikishwa shule. Bila tarakimu hakuna mpango. Lakini lipo kosa moja la fikra ambalo kada lazima alitambue, nalo ni kudhani kwamba kipimo cha kitu ndicho kitu chenyewe.

Kitu ni nini, na kipimo ni nini?

Kitu kipo chenyewe, tukipime tusikipime. Mahindi yaliyomo ghalani yana uzito wake hata kama kijijini hakuna mizani. Kipimo ni kazi ya binadamu: ni kulinganisha sifa moja ya kitu na kiasi ambacho watu wamekubaliana kukitumia. Kwa hiyo katika kila kipimo mna mambo matatu: kitu kinachopimwa, sifa iliyochaguliwa, na kiasi cha kulinganishia. Mawili ya mwisho yakibadilika, tarakimu hubadilika, na kitu hubaki kama kilivyokuwa.

Tutoe mifano. Gunia la mahindi lenye ratili 200 ni karibu kilo 91. Tarakimu imepungua zaidi ya nusu, lakini haikupotea hata punje moja. Pishi ya mpunga na pishi ya maharage hujaza chombo kile kile. Zikiwekwa kwenye mizani hutofautiana, kwa sababu pishi hupima ujazo na mizani hupima uzito. Upimaji wa mwaka 1952 uliupa Mlima Kilimanjaro mita 5,895. Ule wa 1999, uliotumia satelaiti, ukatoa mita 5,892. Kutokana na tarakimu hizo peke yake hatuwezi kusema kwamba mlima umepungua mita 3. Vyombo na mbinu za kupimia ndivyo vilivyobadilika.

Nani anapima, na kwa faida ya nani?

Hapa ndipo jambo hili linapokuwa la kisiasa. Chukueni lumbesa. Mlanguzi hununua kwa gunia, kisha hulijaza hadi likapandishwa kichwa na kushonewa juu. Katika daftari lake pameandikwa "gunia moja", na mkulima hulipwa gunia moja. Lakini jasho lililomo ni la zaidi ya gunia moja. Jina la kipimo limebaki lile lile, kitu kimeongezeka, na tofauti imeingia mfukoni mwa mnyonyaji. Ndiyo maana Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa, na ndiyo maana kudai mizani iliyokaguliwa ni sehemu ya mapambano ya mkulima dhidi ya unyonyaji.

Lakini kosa hili si la walanguzi peke yao. Hata sisi viongozi tumelitenda. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilitaka kijiji kinachoandikishwa kiwe na kaya zisizopungua 250. Sheria hiyo hiyo ilitofautisha kijiji na kijiji cha ujamaa, ambacho sehemu kubwa ya uchumi wake huendeshwa kwa pamoja. Ilipofika 1977 watu zaidi ya milioni 13 walikuwa wanaishi vijijini, wengine wakiwa wamehamishwa kwa nguvu. Tarakimu hiyo ilipima makazi. Haikupima uhusiano wa watu katika uzalishaji. Aliyesoma idadi ya vijiji akadhani amesoma kiasi cha ujamaa alijidanganya. Mwalimu Nyerere hakujidanganya: katika tathmini yake ya 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, alisema wazi kwamba Tanzania ilikuwa bado si nchi ya kijamaa.

Makosa mawili ya kuepuka

Kwanza, kuabudu tarakimu. Huu ni urasimu. Mrasimu hukaa ofisini akisubiri taarifa, na taarifa ikiwa nzuri huridhika. Watendaji wa chini wakishajua kwamba kinachotazamwa ni tarakimu, watatengeneza tarakimu. Darasa litakuwa limejaa katika daftari, na mtoto hajui kusoma.

Pili, kudharau tarakimu. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa takwimu zinaweza kudanganya, basi hazina maana. Hili nalo ni kosa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima asiyepima hawezi kuthibitisha kwamba ameibiwa.

Njia sahihi ni kuunganisha mawili hayo. Kada anapopokea taarifa na aulize: Ni kitu gani kimepimwa? Ni sifa ipi iliyochaguliwa, na ipi iliyoachwa? Nani alipima, kwa chombo gani, na nani anafaidika na jibu? Kisha aondoke mezani aende shambani, ghalani na darasani akaangalie. Daftari ni la lazima, lakini daftari si mali. Tarakimu ikipingana na hali halisi, kinachopaswa kusahihishwa ni tarakimu.