Kinachomla Simba

Kaeni vizuri, wajukuu, niwasimulie habari za Simba, mbwa wa shamba moja juu ya Soni, anayelinda mahindi na viazi ngedere wasishuke kutoka msituni.

Mwezi wa Juni, ukungu ukiwa umelala mabondeni mpaka jua lipande, Simba alianza kujikuna. Kwanza kingo za masikio, kisha viwiko, kisha tumbo. Usiku alilala jikoni karibu na mafiga, na ngozi ikipata joto mwasho ulizidi. Manyoya yakapukutika, ngozi ikawa nene yenye magamba. Watoto wakamfukuza kwa mawe. Mtu mmoja akashauri apakwe oili chafu ya gari.

Msikubali kamwe! Oili chafu inaunguza ngozi iliyochubuka, na mbwa akijilamba anameza sumu.

Simba alikuwa analiwa na mdudu wa upele. Ni jamaa ya kupe, mwenye miguu minane, mdogo hivi kwamba watatu wakijipanga ndipo wafike kama milimita moja. Jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo humo. Ndani ya wiki tatu hivi, yai limekuwa mdudu mzima.

Bwana mifugo alikuja, akavaa glavu, akaukunja ukingo wa sikio la Simba na kuusugua. Papo hapo mguu wa nyuma ukaanza kukuna hewani, wenyewe, bila kutumwa. Dalili hiyo humfanya mganga wa mifugo ashuku upele mara moja. Kisha akakwangua ngozi kwa wembe ili akapime kwa hadubini, kwa kuwa yuko mdudu mwingine, demodeksi, anayeishi kwenye vishimo vya manyoya. Huyo mbwa humpata kwa mama yake akiwa bado ananyonya, na hamwambukizi mtu. Wa upele huambukiza mbwa kwa mbwa, na anayemkumbatia mgonjwa anaweza kuwashwa mikono na tumbo, ingawa mwasho huo huisha mbwa akipona.

Simba alichomwa sindano ya ivermektini. Dawa hii ilitokana na kijidudu cha udongoni alichokipata Satoshi Ōmura huko Japani miaka ya 1970. William Campbell na wenzake wakaiendeleza Marekani, na mwaka 2015 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwenye milima yetu hii ya Usambara, watu wamemezeshwa vidonge vya dawa hiyo hiyo ili usubi usiwapofushe. Lakini msiichezee. Ile ya chupa ya ng'ombe, mbwa wa kilo 10 hupewa chini ya nusu mililita, na mbwa wa aina ya collie anaweza kufa kwa kipimo hicho hicho.

Dawa huua wadudu, mayai hubaki. Ndiyo maana sindano ilirudiwa baada ya wiki mbili. Magunia aliyolalia yakachomwa moto, maana kwenye baridi na unyevu wa Lushoto mdudu huyu huishi nje ya ngozi siku nyingi kuliko kwenye joto la Tanga mjini.

Halafu bwana mifugo akauliza mbwa gani wengine hupita uani usiku. Akaonyeshwa nyumba ya jirani, yenye mbwa watatu. Akabeba mkoba wake, akaelekea huko.