Vugha, Mji Uliomtawaza Mgeni

Kusini ya Lushoto, upande wa Soni, ndiko iliko Vugha, makao ya kale ya watawala wa Usambara. Msomaji huenda akastaajabu kwamba mwanzilishi wa enzi hiyo hakuwa Msambaa, wala hakuja na jeshi.

Wazee husimulia kuwa Mbegha alizaliwa Unguu, akaota kwanza meno ya juu. Mtoto wa namna hiyo, kigego, alihesabiwa kuwa mkosi, na desturi iliamuru auawe. Mbegha alisalimika, lakini alipokuwa mtu mzima ndugu zake walimnyima urithi, naye akaihama nchi pamoja na mbwa wake wa mawindo.

Huku milimani nguruwe walikuwa wakiyamaliza mashamba. Mbegha aliwaua, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Kisha akamwua simba, na watu wa Vugha wakamtawaza. Tangu hapo watawala wa Kilindi wakaitwa Simba Mwene. Abdallah bin Hemedi aliyaandika hayo katika Habari za Wakilindi.

Krapf alipofika mwaka 1848 alimkuta Kimweri ye Nyumbai akitawala. Kimweri alifariki mwaka 1862, na wazao wake wakapigana vita virefu.

Ajabu moja imebaki: katika nchi hiyo iliyotawaliwa na uzao wa kigego, vigego waliendelea kuuawa.