Je, Sayansi Ndiyo Iliyomkanisha Kazimoto?

Mwalimu mwenzangu, unapofunza riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, wanafunzi wengi watadai kwamba Kazimoto alisoma chuo kikuu, na kwa hiyo sayansi ikamwondolea Mungu. Dai hili lina madhara. Hapa Nyamarambe, penye Waadventista na Wakatoliki wengi, msichana anayependa Biolojia na kuimba kwaya huona ameamriwa achague moja.

Rejelea matini. Sayansi huweza kueleza ugonjwa uliomzaa mtoto mwenye kichwa kikubwa. Haiwezi kumwambia baba aliyefiwa kwa nini aendelee kuishi, na hilo ndilo swali linalomfikisha Kazimoto kwenye kujiua. Shaka yake ni ya udhanaishi. Dini ina jibu lake kwa swali hilo, ukanamungu una lake, maabara haina.

Tena, tusimfanye mhusika kuwa mwandishi. Kezilahabi (1944–2020) alipitia seminari ya Nyegezi, nayo lugha ya sala haikuwa ngeni kwake.

Darasani, mwambie kila mwanafunzi ataje mahali Kazimoto anapotia shaka, kisha aonyeshe kilichotangulia: somo au msiba.