Gegedu Lililoota Tayani

Kunja ncha ya pua yako kwa kidole, kisha bonyeza kidevu. Kinachokunjika puani ni gegedu. Kidevuni ni mfupa mtupu. Ndiyo maana daktari akipasua uvimbe wa taya akakuta kitu cheupe chenye usamawati, kinachong'aa na kuteleza kama gegedu la kidari cha kuku, lazima ashtuke. Uvimbe wa gegedu usio saratani ni adimu mno tayani, kwa hiyo kila unaoonekana hushukiwa mpaka maabara iseme vingine.

Saratani yenyewe huitwa kondrosakoma. Makao yake hasa ni nyonga, paja na mbavu. Tayani huonekana mara chache sana. Gegedu hilo limetoka wapi? Tukiwa bado tumboni mwa mama, taya la chini hujengeka kando ya ufito wa gegedu uitwao gegedu la Meckel, kwa jina la mwanaanatomia Mjerumani aliyeueleza mwaka 1820. Baadaye sehemu kubwa ya ufito huo hutoweka, na ncha yake ya nyuma hugeuka vifupa viwili vya sikio la kati. Wataalamu wanadhani masalia yake ndiyo chimbuko la baadhi ya uvimbe huu.

Mara nyingi hauumi, na hapo ndipo hatari ilipo. Jino linalegea, mengine yanaachana, na fizi ni nzima kabisa. Kwenye picha ya eksirei, kila jino limezungukwa na mstari mweusi mwembamba kama uzi, yaani nafasi ya nyuzi zinazolishikiza kwenye mfupa. Uzi huo ukinenepa pande zote za jino moja au mawili, huenda ikawa ndiyo dalili ya kwanza, hata kabla shavu halijavimba. Nawasihi wasomaji: jino lililolegea bila sababu lising'olewe kabla ya kupigwa picha.

Afrika Mashariki, taya la mtoto likivimba tunakumbuka limfoma aliyoiandika Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, mwaka 1958. Ile hukua kwa kasi na mara nyingi huyeyuka kwa dawa. Kondrosakoma ya kawaida si hivyo. Seli zake hugawanyika polepole, zimejificha ndani ya gegedu lisilo na mishipa ya damu ya kutosha, na dawa haziziwezi. Mionzi nayo husaidia kidogo. Tegemeo ni kisu: kuutoa uvimbe wote pamoja na ukingo wa nyama na mfupa mzima. Usoni ukingo huo ni mgumu kuupata, kwa kuwa jicho na fuvu viko jirani. Aina ya mesenkima, inayopenda taya na kushika zaidi vijana, ni kali zaidi, nayo huongezewa dawa.

Kinyama kinachopelekwa maabara kisiwe kidogo mno. Saratani ya mfupa, osteosakoma, nayo hutengeneza gegedu, na kipande cha pembeni tu kinaweza kumpotosha hata mtaalamu hodari, mgonjwa akapewa tiba isiyo yake.

Na baada ya upasuaji? Ugonjwa huweza kurudi hata baada ya miaka 10 au zaidi, kimyakimya kama ulivyokuja mara ya kwanza, hivyo kliniki ya marudio haina tarehe ya mwisho.