Mzee wetu wa magunia



Mwezi uliopita jamaa na marafiki walikusanyika Muyinga kumgandukira mzee wetu, yaani kuondoa matanga, baada ya mwaka mmoja tangu tumzike. Wenzetu wengi wa kazi ya kahawa walitoka Gitega kwenda huko, na wale waliokosa nafasi ndani ya gari wameniomba niandike habari zake katika kurasa hizi. Naandika kama mtoto wake, maana alikuwa baba yangu mkubwa, na ndiye aliyenilea. Jina lake familia imeomba libaki nyumbani. Hata hivyo, yeyote aliyepata kubeba gunia Gitega miaka ile atamtambua kabla hajafika katikati ya ukurasa.

Siku aliyozaliwa haikuandikwa na mtu. Mama yake alikuwa akisema ni baada ya ile njaa kubwa ya 1943 na 1944. Yeye mwenyewe, akiulizwa umri, alijibu: "Mimi nilisubiri kwanza chakula kirudi."

Kwao ni Muyinga, vilimani, si mjini. Siku hizi twaambiwa ni mkoa wa Buhumuza, tangu mikoa ilipopangwa upya mwaka 2025, lakini sisi bado twasema Muyinga. Baba yake alikuwa miongoni mwa wale waliolazimishwa na Wabelgiji kupanda kahawa. Tangu miaka ya 1930 kila mwenye rugo alitakiwa awe na miti ipatayo hamsini, aitandazie majani chini, aipalilie, na asiyetimiza alijua kiboko kinamngoja. Kodi nayo ilidai faranga. Ndiyo maana wanaume wengi wa upande ule walivuka mpaka kwenda Tanganyika na Uganda kulima mashamba ya watu. Babu yetu alikwenda Buganda mara mbili akarudi. Mara ya tatu hakurudi. Mzee akabaki mtoto mwenye mama, wadogo watatu, na ile miti ya kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

Mwaka 1966 alikuja Gitega kwa miguu, kupitia Karusi. Alianza kwa kupakia malori ya wafanyabiashara, na Kiswahili alifundishwa na utingo wa malori hayo, kwa hiyo maneno mengine aliyoyajua hayafai kuandikwa hapa. Baadaye akapata kibarua kiwandani, pale kahawa inapoletwa ikiwa imekauka na bado ina ganda lake, ikakobolewa kwa mashine, ikapangwa kwa ukubwa, kisha wanawake wakaichambua kwa mikono, punje kwa punje. Wanatafuta punje zenye kasoro, maana yako magonjwa ya kahawa yetu yanayofanya kikombe kizima kinuke kiazi kibichi. Mzee aliposikia kwamba wanunuzi wa Ulaya wanalalamikia harufu ya kiazi, alishangaa sana. Alisema, "Hapa kwetu mtu akiona kiazi humshukuru Mungu."

Kazi yake yeye ilikuwa magunia. Gunia la kahawa ya kwenda nje lina kilo 60. Unalipokea begani, unapanda ubao, unalilaza ndani ya lori, unateremka, unapokea lingine. Kutoka hapo huenda Bujumbura, na zamani mengi yalivuka ziwa kwa meli hadi Kigoma, yakapanda treni hadi bandari ya Dar es Salaam. Siku moja wenzake walimsimamisha juu ya mizani ya kiwanda, wakamkuta ana kilo 58. Akateremka akisikitika: "Basi mimi siwezi kuuzwa nchi za nje. Nimepungua kilo mbili."

Ndugu msomaji asidhani alikuwa mtu wa mzaha tu. Nilikuwa namletea chakula mchana, nami nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na nimeuona mgongo wake jioni. Alilala kifudifudi, mama mkubwa akimkanda kwa maji ya moto, na hata hapo alikuwa anatuhadithia mambo ya kapita mpaka mama mkubwa akashindwa kukanda kwa kucheka.

Sasa nifike kwenye jambo la makopo, maana najua ndilo mnalongoja.

Mwezi wa saba mwaka 1989 ule mkataba wa nchi zinazouza na zinazonunua kahawa ulivunjika, bei ikaanguka duniani kote. Msimu wa 1990 vibarua wakapunguzwa, na waliobaki wakaanza kuona siku zao zinapungua kwenye daftari la kapita. Umefanya siku 26, unalipwa 22. Ukilalamika unaulizwa: umeandika wapi? Wengi hawakujua kuandika, Mzee akiwa mmoja wao.

Yeye alikuwa na kopo la maziwa ya unga nyumbani. Kila jioni akitoka kazini alitia haragwe moja. Siku ya mshahara alikwenda nalo mpaka mezani. Karani akasoma: siku 22. Mzee akamwaga maharagwe yake juu ya meza, akayapanga kumi kumi, yakabaki sita. Akasema, "Karani, usibishane na mimi, mimi husahau. Bishana na haya." Mstari mzima ukacheka, na kapita mwenyewe akacheka kabla hajajizuia, hapo ndipo alipopotea. Mtu akishacheka mbele ya watu mia hawezi tena kusema kwamba ameonewa.

Alilipwa siku mbili kati ya zile nne. Mbili zikapotea, na wala hazijarudi hata leo. Lakini mwezi uliofuata watu walikuja na makopo, chupa, na vitambaa vilivyofungwa fundo. Ofisi ikapiga marufuku makopo mlangoni. Watu wakatia maharagwe mfukoni. Msimu uliofuata kila kibarua alipewa kadi yake, inayopigwa muhuri kila siku mbele ya macho yake.

Wakati ule chama cha wafanyakazi kilikuwa kimoja tu nchini, UTB, nacho kilikuwa chini ya chama tawala UPRONA. Wapo wanaosema kadi zililetwa na mazungumzo ya ofisini. Mazungumzo yalikuwepo, sikatai. Lakini mimi nilihesabu maharagwe yale na Mzee usiku, na nina maoni yangu.

Vita vilipoanza Oktoba 1993 alikuwa amepanga mtaa wa Waswahili. Watu kumi na mmoja walilala katika vyumba vyake viwili kwa majuma mengi, na hakumwuliza yeyote kabila lake. Hakupenda habari hiyo isemwe akiwa hai, kwa hiyo nami naishia hapo. Kisha kuanzia 1996 mpaka Januari 1999 nchi jirani zilitufungia mipaka, kazi ikawa ya kuotea. Alishona viatu vya matairi. Alidai vinadumu kuliko gari lilikotoka tairi.

Alipofika umri wa kustaafu tulikwenda pamoja kuhesabu michango yake. Misimu zaidi ya 20 ya magunia ilitoa miezi 71 iliyoandikwa. Misimu ya kabla ya kadi haikuwepo kabisa, na hata baadhi ya ile ya baadaye mwajiri alikuwa hajaipeleka. Hapo maharagwe hayakusaidia. Pensheni ya kila mwezi hakupata, alipata fedha kidogo za mara moja, akanunua mbuzi jike, akampa jina la Pensheni. Mtu akimsalimu na kumwuliza, "Mzee, pensheni inaendeleaje?" yeye hujibu, "Leo imekula mihogo ya jirani, nimeitwa kwa mkuu wa kilima."

Alirudi Muyinga kwenye miti ya baba yake, akaikata ichipue upya, akawa anapeleka kahawa mbivu kwenye kituo cha kuoshea. Huko nako alikwenda na kopo, na wapimaji walimjua. Mpaka mwaka wake wa mwisho alikuwa bado anapanda kilima na kikapu kichwani, na jioni anakaa na wazee wenzake kwenye urwarwa, mrija ukizunguka, yeye akizungumza sana kiasi kwamba mrija ulimpita mara nyingi.

Siku ya kuganduka tulichinja mbuzi wawili, wote wa uzao wa Pensheni. Hotuba zilikuwa ndefu na watu walicheka katika kila moja, mpaka padri. Jioni wanawake wachambuzi wa Gitega walinivuta pembeni wakanionyesha kadi zao. Mihuri ya siku ipo. Michango ya miezi ile, wanasema, hawajui kama ilifika. Tumeanza kuziandika tawini, msimu kwa msimu. Mwenye kadi ya zamani, hata iliyochanika, hata ya marehemu, ailete kwa karani wa tawi Jumamosi baada ya kazi.