Kambi Iliyorudishwa kwa Watu



Ni nani kati yetu asiyepata kuona nyumba ya Serikali iliyoachwa? Karani amehamishwa, askari wameondoka, bendera imeshushwa. Mwezi wa kwanza madirisha yamo bado. Mwezi wa tatu mlango umeng'olewa. Mwaka haujaisha, mabati yamekwenda, na mbuzi wanalala palipokuwa ofisi. Kisha siku moja hutokea mtu mwenye karatasi mkononi, hukizungushia kiwanja ua, na wazee huulizana: «Mahali hapa palikuwa pa nani?»

Swali hilo si dogo. Leo tunataka kulitafakari pamoja nanyi kwa kisa cha kweli cha mji wa mbali, Seattle, ulio magharibi mwa Marekani karibu na bahari. Tumekichagua kisa hicho kwa sababu ndani yake mnaonekana mema na makosa pia, na yote mawili yanafundisha.

Zawadi iliyokataliwa

Mji huo unaitwa kwa jina la mzee mmoja mkubwa wa wenyeji wa asili, Seattle, aliyebatizwa katika Kanisa Katolika kwa jina la Noa. Mwaka 1855 yeye na wakubwa wenzake walitia alama katika mapatano na Serikali ya Marekani, na sehemu kubwa ya ardhi ya watu wao ikapita mikononi mwa wageni.

Kabla ya mwaka 1900, raia wa mji huo walitamani kupata kambi ya askari, maana walitumaini kwamba italeta biashara na usalama. Basi wakakusanya ardhi yapata hekta 285, juu ya kilima kinachotazama bahari, wakaipa Serikali bure. Kambi ikafunguliwa mwaka 1900, ikaitwa Fort Lawton.

Lakini Jeshi halikuwa na kazi kubwa mahali pale. Mwaka 1938 likauambia mji: «Chukueni kambi yenu kwa dola moja tu.» Dola moja kwa kilima kizima! Je, mji ulijibuje? Ulikataa. Viongozi waliogopa gharama za kuitunza.

Tusiwacheke upesi. Mwenye kupewa ng'ombe hupewa pia kazi ya kumchunga. Nyumba hutaka fundi, bustani hutaka wafagiaji, na maji hutaka mabomba. Hata hivyo, waliotazama gharama ya mwaka ule hawakuona faida ya watoto wao. Mara vita vikubwa vikaja, na askari zaidi ya milioni moja wakapita katika kambi ile. Mlango uliokuwa wazi ukafungwa kwa miaka mingi.

Sheria inayotaka hekima

Baada ya vita, mwaka 1949, Marekani ilitunga sheria juu ya mali iliyozidi mahitaji ya Serikali. Utaratibu wake, kwa kifupi, ni huu. Idara isiyohitaji tena ardhi au jengo haiwezi kujiuzia yenyewe. Kwanza idara nyingine za Serikali huulizwa kama zinalihitaji. Zikikataa, miji na majimbo yanaweza kuliomba kwa shule, hospitali, bustani au kazi nyingine ya watu wote, kwa bei iliyopunguzwa, au hata bure. Tangu mwaka 1987 sheria nyingine imewatanguliza watu wasio na makao: ni lazima kwanza kutazama kama jengo lile laweza kuwasaidia. Mnada wa wenye fedha huja mwisho.

Zaidi ya hayo, hati ya kutoa ardhi huandikwa masharti. Waliopewa shamba kwa bustani wanalazimika kulitumia kwa bustani siku zote. Wakiligeuza kuwa soko la faida yao, Serikali yaweza kulirudisha mikononi mwake. Hivyo zawadi haimwachii mpokeaji uhuru wa kuiuza.

Mwaka 1964 ilitangazwa kwamba sehemu kubwa ya Fort Lawton haihitajiki tena. Lakini kwa kanuni ya siku zile, mji uliotaka ardhi ya namna hiyo kwa bustani ulipaswa kulipa nusu ya bei ya soko. Jambo la ajabu kweli: wajukuu walitakiwa kununua kile ambacho babu zao walitoa bure! Tena Jeshi likafikiri kuweka silaha za kuzuia makombora katika kilima hicho. Raia wakaungana, wakaandika barua, wakafanya mikutano. Shauri la silaha likaachwa. Seneta wao, Henry Jackson, akapeleka sheria mpya katika Bunge, nayo ikakubaliwa mwezi wa Oktoba 1970: toka hapo ardhi ya Serikali iliyozidi iliweza kutolewa kwa bustani bila malipo yoyote.

Waliosahauliwa mlangoni

Hapa tungeweza kumaliza kwa furaha. Lakini kulikuwa na watu ambao hakuna aliyewauliza. Ni wale wenyeji wa asili, ambao vitabu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu. Wengi walikuwa wameacha vijiji vyao wakaja mjini, na huko waliishi katika umaskini, bila mahali pao pa kukutana. Walipousikia mji ukisema, «Ardhi irudishwe kwa wenyewe,» walijiuliza: «Wenyewe ni akina nani, kama si sisi?»

Tarehe 8 Machi 1970, wakiongozwa na kijana mmoja aliyekuwa askari zamani, Bernie Whitebear, waliingia kambini, wengine wakipanda ua. Polisi wa Jeshi waliwakamata na kuwatoa. Nao wakapiga hema nje ya lango, wakakaa huko kwa majuma. Waliunda chama, wakajadiliana na mji kwa subira. Mwezi wa Novemba 1971 mapatano yalifanyika: watapangishwa hekta 8 ndani ya bustani kwa miaka 99. Mwaka 1977 walifungua hapo nyumba yao kubwa, Daybreak Star, maana yake Nyota ya Mapambazuko, kwa ajili ya mafundisho, sanaa na mikutano ya watu wao.

Mji nao ulipewa sehemu kubwa ya kambi mwaka 1972, na mwaka uliofuata bustani ikazinduliwa kwa jina la Discovery Park. Ina hekta zaidi ya 200 za msitu, majani na ufuko. Anayefika hapo hatoi hata senti moja.

Je, ugomvi ulikwisha? La. Mwaka 2005 Serikali ilitangaza kufunga na kipande cha mwisho kilichobaki kwa askari wa akiba. Mji ulitaka kujenga hapo nyumba za maskini. Majirani wengine wakapeleka mambo mahakamani. Ni mwaka 2019 tu baraza la mji lilipokubali shauri la nyumba 237, ambazo 85 kati yake ziliwekwa kwa ajili ya wazee wasio na makao. Miaka 14 ya kusubiri! Kumbe hata penye sheria nzuri, moyo wa mwanadamu hupenda ua kuliko jirani.

Kanisa linatufundisha nini

Maandiko Matakatifu yanatusimulia juu ya mfalme Ahabu, aliyelitamani shamba la mizabibu la Naboti kwa kuwa lilikuwa karibu na jumba lake. Naboti hakukubali kuuza urithi wa baba zake, naye akauawa kwa ushahidi wa uwongo. Ndipo Mungu alipomtuma nabii Elia. Tujifunze basi: mwenye utawala si mwenye vyote, na karatasi yenye muhuri haifanyi wizi kuwa haki.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba mtu anaweza kuwa na mali na kuisimamia, lakini katika kuitumia akumbuke kwamba imekusudiwa kwa wote. Baba Mtakatifu Pius XI, mwaka 1931, alionya kwamba mkubwa asinyang'anye kazi ambayo wadogo wanaweza kuitimiza wenyewe. Na Paulo VI, mwaka 1967, alikumbusha kwamba haki ya kumiliki haina mamlaka yasiyo na mpaka. Ikiwa ni hivyo kwa mali ya mtu mmoja, je, si zaidi kwa mali ya Serikali, ambayo ni mlinzi tu wa mali ya watu?

Nasi katika Kongo

Sheria yetu ya ardhi, ya tarehe 20 Julai 1973, inasema kwamba ardhi iliyowekwa kwa matumizi au huduma ya watu wote haiwezi kupewa mtu, maadamu haijaondolewa kihalali katika matumizi hayo. Maneno hayo ni ngao, lakini ngao haimlindi aliyeiacha nyumbani. Kwa hiyo twawashauri mambo matatu.

La kwanza, tusingoje mabati yaibwe. Tukiona jengo la Serikali limeachwa, tukutane mapema na kujiuliza: linafaa shule, zahanati, au nyumba ya wajane? Kisha tuombe kwa maandishi, kwa njia ya halali, na kutunza nakala.

La pili, tuonyeshe tutakavyolitunza. Seattle ilipoteza zawadi ya dola moja kwa hofu ya matunzo. Halmashauri iwe na mweka hazina mwaminifu na daftari lililo wazi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

La tatu, kabla ya kugawa, tutazame nani yuko nje ya ua. Labda ni mgeni aliyekimbia vita, labda mjane, labda ni ukoo uliotoa ardhi ile zamani, na jina lake limesahaulika. Hao waitwe mkutanoni kabla hawajalazimika kupiga hema mlangoni.

Enyi wazazi, jioni hii waulizeni wazee juu ya kiwanja kile cha zamani karibu na njia: kilitolewa na nani, na kwa kazi gani? Nanyi wanafunzi, yaandikeni majibu yao vizuri katika daftari. Siku ile mwenye karatasi atakapofika, kijiji kiwe na neno la kumjibu.